SOMO: Kushusha kamera ya chambo kwenye mwamba wa kina kirefu

Wakuu habari za saa hizi. Juzi nilisema mwamba wa pima thelathini si mwamba wa pima tano (pima moja ni kama mita 1.8), yaani samaki wake si walewale, nikaulizwa nimejuaje, basi leo naweka somo lote jinsi huku Tanga tunavyoshusha kamera yenye chambo cha kuvuta samaki ili tuwaone na kuwahesabu.

Kwanza mjue kwa nini nalikazania hili. Miamba ya kuanzia mita 30 mpaka kama 150 watu wanaichukulia kama stoo ya akiba, yaani hata tukimaliza samaki wa juu, au joto likiunguza matumbawe kama ile 1998, wa chini watapanda kujaza pengo. Utafiti wa mwanasayansi wa samaki Luiz Rocha na wenzake uliotoka 2018 ulionyesha sivyo, samaki wengi wa kule ni wa kulekule na uharibifu nao unashuka mpaka huko. Mfano upo kwetu, 2019 alitangazwa samaki mpya kabisa kutoka miamba ya Zanzibar, Cirrhilabrus wakanda, kadogo, magamba zambarau, anakaa mita 50 hadi 80. Sasa huyo ukimmaliza nani atapanda au kushuka kujaza nafasi yake?

Hatua ya 1. Ongea na watu. BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi) ya eneo lako, afisa uvuvi, na kama ni ndani ya hifadhi ya bahari nenda ofisini kwao ukapate kibali kabla hujagusa maji.

Hatua ya 2. Chagua siku. Maji mafu (siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana), sio bamvu (siku za kujaa na kupwa sana), na ushushe maji yakiwa yamesimama. Kwenye bamvu mkondo utaburuta fremu yako na utaipoteza, mimi nimeshapoteza moja hivyo na kamba ilikuwa nyembamba pia.

Hatua ya 3. Fremu. Mpe fundi nondo achomelee kitu kama piramidi kinachosimama chenyewe, mbele toa bomba la plastiki la mita moja na nusu, mwisho wake funga mfuko wa chambo. Kamba iwe nene na ndefu kuliko kina kwa nusu nzima, juu weka maboya mawili.

Hatua ya 4. Kamera, na hapa ndio pesa nyingi za watu zinapotelea. GoPro tupu mwisho mita 10, ikiwa na kasha lake la plastiki ni mita 60, zaidi ya hapo tafuta kasha la alumini lililoandikwa kina chake. Usiamini maandishi peke yake, shusha kwanza kasha tupu lenye tishu ndani, likipanda na tishu kavu ndio uweke kamera.

Hatua ya 5. Shusha PEMBENI ya mwamba, kwenye mchanga, usidondoshe chuma juu ya matumbawe. Kama boti haina mashine ya kupima kina tumia bildi (kamba ya kupimia kina yenye risasi mwishoni), paka grisi chini ya risasi, ikipanda na mchanga umepata mahali pako. Chambo ni dagaa wenye mafuta, kama kilo moja, waponde. Acha saa nzima, halafu sehemu inayofuata iwe mbali angalau mita mia tano, la sivyo changu walewale watakufuata harufu na utawahesabu mara mbili.

Hatua ya 6. Kuhesabu. Kwa kila aina chukua idadi kubwa zaidi inayoonekana kwa pamoja kwenye picha moja, basi. Chewa mmoja akipita mara kumi ni chewa mmoja. Na kumbuka kule chini wekundu haupo, fatundu anaonekana kama wa kijivu, kwahiyo mtambue kwa umbo.

MASWALI

Mdau wa Kilwa: Mkuu si nizamie tu na mtungi?
Jibu: Hapana kaka. Wazamiaji wa kawaida mwisho wao mita 40. Mita 60 presha ni mara 7 ya huku juu, naitrojeni inakulevya, na ukipanda haraka inaweza kukuua. Kamera ikipotea utanunua nyingine.

Dada wa Pangani: Mmeshamuona silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu?
Jibu: Bado dada. Mchana anajificha mapangoni. Wale waliopatikana Tanga walinasa kwenye majarife yanayotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa, ndio maana 2009 ikaja hifadhi yake. Tunachokiona sana ni nyavu na kamba zilizokatika zimejiviringisha kwenye matumbawe.

Mdau wa Mafia: Samaki nikimvuta toka chini anapanda tumbo limevimba macho nje, nikimrudisha anaelea tu. Nifanyeje?
Jibu: Ile ni hewa ya kifuko chake imetanuka. Usimtoboe. Mshike mdomo kwa ndoana isiyo na kijino cha kuzuia samaki asichomoke, ifungwe kichwa chini kwenye chubwi zito, mshushe mpaka kina chake kisha vuta mshipi kwa nguvu, ndoana itachomoka. Fanya haraka, kila dakika anayokaa juani inampunguzia uhai.

Mdau wa Dar: Tupe basi GPS ya pale chewa wanapojazana.
Jibu: Hiyo siiweki ndugu yangu, hata inbox usiniombe. Pale wanakutana kutaga, na chewa wengi wanaanza maisha wakiwa majike, wakubwa ndio wanageuka madume, sasa wakivuliwa wale wakubwa wiki moja tu majike yatabaki na nani? Namba hizo ziko kwenye daftari la BMU, na wanakijiji wameshakubaliana miezi ya kutopagusa.