Kung'oa vifaa vilivyojengewa ndani ya boti ya tanga

Katika boti nyingi za faiba, matangi na makabati hufungwa ndani ya ganda kabla sitaha haijafunikwa juu yake, na ndiyo sababu nati ya kamba ya mlingoti huonekana vizuri kwa tochi ilhali mkono haufiki. Kwa boti kama hiyo iliyofungwa Msasani, Dar es Salaam, msumeno uwe wa mwisho kushikwa.

Anza kwa kupima mlango wa kushukia chumbani pale ulipo mwembamba kabisa, kisha upime kifaa chenyewe pamoja na masikio yake ya kufungia. Niliwahi kutumia nusu siku kulegeza tangi la maji, nikakuta limeuzidi mlango kwa vidole viwili, likarudi lilikotoka. Tangi la maji likikataa kupita, afadhali kulikatia tundu la ukaguzi upande wa juu, au kukata kabati kwenye mstari utakaofichwa na ubao wa pembeni. Usikate ukuta uliounganishwa na ganda kwa faiba, kwa kuwa huo ndio unaozuia boti isijipinde tanga linapojaa upepo. Kumbuka uzito pia: lita 200 za maji ni kilo 200, kwa hiyo nyonya kila kilichomo ukitie kwenye madumu kabla ya kulegeza nati hata moja.

Jiko la gesi linaloning'inia kwenye ekseli mbili ni rahisi kulinyanyua, lakini gesi yake si ya kufanyia mzaha. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikivuja huteremka hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti, na kutulia humo ikisubiri cheche. Funga mtungi, liache jiko liwake mpaka moto uzimike wenyewe, ndipo ufungue mpira.

Kazi inayomaliza subira ni ya skrubu. Nyingi zimefichwa chini ya vizibo vidogo vya mbao, na mwenye haraka huvichokonoa kwa patasi akaharibu ubao mzima. Toboa tundu jembamba katikati ya kizibo, kisha zungushia humo skrubu ndogo. Ncha yake itakapogota kwenye kichwa cha skrubu iliyo chini, endelea kuizungusha polepole, nacho kizibo kitapanda juu kwa kufuata uzi wa skrubu hiyo ndogo. Vizibo vipya vya mninga fundi seremala wa Keko atakuchongea.

Skrubu ya chuma kisichoshika kutu iliyokaa miaka ndani ya alumini, kwa chumvi na joto letu, hushikana kana kwamba imechomelewa. Itie mafuta ya kulegeza, uiache ilale usiku mzima, kisha uigonge kichwani kabla ya kuizungusha. Jina la chuma hicho, kwa kweli, ni la kutia moyo tu: kikifungiwa kwenye unyevu usio na hewa huliwa, tena kwa ndani, kwa hiyo ukishaifikia bolti ya ile kamba ya mlingoti ichomoe yote uikague shingo yake.

Ikiwa kinachotoka ni sinki au choo, funga vali ya ganda, ile ya bomba linalotoboka hadi baharini, kwanza na uweke karibu kigingi cha mbao cha kuziba tundu. Boti inayoweza kukaa mchangani ni vyema ikafanyiwa kazi hiyo maji ya bamvua yanapokupwa, huku ukijua kwamba una saa chache tu kabla hayajajaa tena.

Piga picha na ufunge lebo kwenye kila waya na bomba unalotenganisha. Wakati wa kurudisha, epuka gundi ya kudumu; tumia skrubu na kizibio laini cha kuzuia maji kinachobanduka, ili kesho kutwa usivunje tena. Kisha fungua mtungi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi na utazame: panapotoa mapovu, funga mtungi kwanza, ndipo ukaze.