Umepata kampuni mpya ya kushauri? Anza hivi

Mimi hushauri ukarabati wa nyumba za mawe hapa Mji wa Kale wa Lamu. Sijaajiriwa na mtu. Kampuni za bara zinazonunua nyumba ziwe za wageni huniita niwaelekeze. Hata kama wewe unashauri mambo ya hesabu au kompyuta, mpangilio ni huu huu.

Hatua ya 1: karatasi zako. PIN ya KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), jina la biashara lililosajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, leseni ya kaunti, akaunti ya benki. Jisajili mapema kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu 2024, kampuni isiyo na ankara ya eTIMS haiwezi kuyahesabu malipo yako kuwa gharama yake mbele ya KRA, kwa hiyo mhasibu wao ataidai.

Hatua ya 2: andika kazi inapoishia. Hapa usifanye haraka. Niliwahi kuitwa "kuangalia ukuta tu". Ukuta ukazaa dari, dari ikazaa kutafuta mafundi wa chokaa, na wiki sita baadaye hatukuelewana hata ni kazi gani niliyofanya. Siku hizi sipandi ngazi kabla ya ukurasa mmoja kutiwa saini: nakagua nini, natoa nini, nafika mara ngapi, na yapi hayamo. Kwa mfano: "Ukaguzi wa kuta na dari, ziara tatu, ripoti moja yenye picha. Kusimamia mafundi hakumo. Kukihitajika tutapatana bei upya." Naandika pia kibali cha ukarabati kitaombwa na nani. Mji huu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na wageni wengi hudhani mwenye nyumba anabomoa apendavyo.

Hatua ya 3: bei. Tenga ada na safari. Aliye Nairobi hajui kwamba kuvukia kisiwa cha Pate kuna nauli yake, wala kwamba upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu safari inaweza kungoja hadi kesho. Omba arbuni, mimi huchukua theluthi moja. Kisha jiandae kwa kodi ya zuio: ada ya ushauri ikifika Sh24,000 kwa mwezi, kampuni hukata 5% na kuipeleka KRA kwa jina lako. Ukidai Sh100,000 utapokea Sh95,000. Zile 5,000 hazijapotea. Hakikisha zimeonekana kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kodi, uzidai unapowasilisha ritani kabla ya Juni 30 kwisha.

Hatua ya 4: nani anaidhinisha? Anayekupigia simu mara nyingi siye anayetia saini. Uliza majina mawili: wa kupokea ripoti na wa kulipa. Uliza pia ankara hukaa siku ngapi kabla ya kulipwa.

Hatua ya 5: wiki ya kwanza, sikiliza. Usianze kwa kutoa maoni. Katika nyumba moja, kampuni iliamini unyevu ukutani unatokana na paa. Nikakaa barazani na mzee anayeilinda, nikamwamkia, tukanywa kahawa. "Mwanangu," akaniambia, "ukuta huu ulikuwa mkavu mpaka walipoupaka saruji." Kuta za matumbawe hupumua kwa chokaa; saruji hufungia maji na chumvi ndani. Nikabandua kipande cha saruji kwa idhini yao, nikapiga picha, na siku ya nne nikawatumia barua ya aya mbili: nimeona hiki, napendekeza tupime paa na ukuta kabla hamjanunua bati.