Somo: Krambo ya embe kwa jiko la mkaa

Msimu wa embe Tabora ndio huu, na ndoo zimejaa barabarani. Krambo ni tunda linaloiva chini huku chenga za unga na siagi zikikauka juu. Zinazoharibika huwa na kosa moja kati ya mawili: embe limetoa maji mengi, au siagi imeyeyuka kabla haijaona moto.

Kwa watu 6: embe dodo kilo 1.5 (zikimenywa hubaki kama kilo 1), unga wa ngano gramu 200 (kikombe kimoja na nusu), siagi ya kopo gramu 100, sukari gramu 100 (nusu kikombe), asali vijiko vikubwa 2, unga wa muhogo kijiko kikubwa 1, maji ya ndimu kijiko kikubwa 1, iliki 4 zilizotwangwa, chumvi kidogo.

Chagua embe lililoiva ila bado linashika. Likibonyea shingoni tu, ndilo. Likibonyea kote, litengenezee juisi. Yale madogo yenye nyuzi yaache, kwani moto haulainishi nyuzi.

Hatua ya 1. Kata vipande vya sentimita 2, changanya na asali, ndimu na iliki, acha dakika 15. Chuja maji yaliyotoka, ubakize vijiko 3 tu (mengine kunywa, ni halali yako). Sasa ndipo utie unga wa muhogo.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kazi. Mchana wa Oktoba siagi haishikiki, basi fanya alfajiri, au tumbukiza kopo lililofungwa kwenye maji ya mtungi saa nzima. Changanya unga, sukari na chumvi, katia siagi, kisha sugua kwa ncha za vidole. Usitumie viganja, vina joto. Acha ukiona punje kubwa na ndogo zimechanganyika, kama choroko kwenye mchanga. Jaribu: fumba konzi moja, ishikane; iguse, ivunjike. Usitie tone la maji.

Hatua ya 3. Kwenye chombo cha kuokea, embe chini, chenga juu. Usikandamize.

Hatua ya 4. Tandaza mchanga mkavu vidole viwili kwenye sufuria nzito, funika, pasha dakika 15. Weka chombo juu ya vijiwe vitatu, funika, palia makaa: sehemu moja chini, mbili juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 inua mfuniko kidogo kwa kijiwe ili mvuke utoke, la sivyo matone yatadondokea chenga zigeuke ugali. Dakika 40 hivi zatosha: pembeni maji ya embe yanatoa mapovu mazito ya polepole, juu pana rangi ya karanga za kukaanga. Wenye oveni, nyuzijoto 180 za Selsiasi. Pakua baada ya nusu saa. Ya motomoto hutiririka.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Asali yetu ni tamu kuliko sukari, siwezi kuitia juu pia?
– Marahaba. Iache chini. Asali ina maji, hivyo chenga zitashikana, tena huungua upesi kabla embe halijaiva.

– Huku Kigoma mawese ndiyo yapo. Yanafaa badala ya siagi?
– Hapana, ndugu yangu. Kwa joto la mchana huyeyuka nusu, chenga zinalowa, na ladha yake inalimeza embe. Yabaki kwenye samaki wenu, migebuka.

– Dada, nimeletewa fyulisi kutoka Lushoto. Vipimo ni vilevile?
– Ongeza kijiko kimoja cha unga wa muhogo, zina maji zaidi. Zichovye kwenye maji yanayochemka dakika 1, kisha ya baridi; ganda litabanduka lenyewe. Toa kokwa.

– Chini imeungua, juu nyeupe.
– Makaa mengi chini. Ondoa nusu, uyahamishie juu.

– Naweza kutia karanga?
– Gramu 50, zitwangwe nusunusu, uzichanganye siagi ikishaingia. Zikiwa unga hutoa mafuta na chenga hulainika.