Mkopo wa Bodi: unavyopangwa, na jinsi ya kulinganisha vyuo kabla hujaaplai

Mimi najaza fomu za HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, hapa steshenari msimu mzima, na kosa ninalokutana nalo kila mwaka ni mtoto kuchagua chuo kwa kuangalia ada peke yake. Twende mdogo mdogo.

Hatua ya 1. Nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Wanahakiki cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi amefariki na cha kifo pia, wa Zanzibar mnaenda ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Angalia majina herufi kwa herufi, juzi kaja binti cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha form four Mwanahidi, h moja tu hiyo, fomu ikalala akaanza kutafuta wakili.

Hatua ya 2. Kwenye mfumo unaingia na namba ya form four, iwe ileile uliyoombea chuo, unalipa elfu 30 kwa kontro namba, ile namba ya malipo unayopewa na mfumo. Sasa hapa ndo unapimwa: Bodi haikujui, inaona karatasi. Yatima, mwenye ulemavu, kaya ya TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), aliyesomeshwa na mfadhili, kila kimoja kina ushahidi wake, ukisema ulifadhiliwa afu barua ya mfadhili huna ni sawa na hujasema kitu. Ukishaprinti, serikali ya mtaa wagonge mhuri, mdhamini asaini, hakimu au wakili naye, ndo uskani upandishe. Kuna watu wanapandisha kurasa tupu zisizo na saini, usicheke.

Hatua ya 3. Jua mkopo una vipande. Kuna ada, inaenda chuoni moja kwa moja na mara nyingi unapewa asilimia tu, kuna vitabu, kuna field yaani mafunzo kwa vitendo, na kuna bumu yaani chakula na malazi, ambayo 2022/23 ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Hatua ya 4, chukua kalamu. Ada na gharama nyingine piga simu chuoni uulize. Tuseme chuo A ada 1,300,000 na hosteli 200,000 kwa mwaka. Chuo B ada milioni 1, hosteli hakuna, chumba mtaani 60,000 kwa miezi 10 ni laki 6, daladala 1,200 kwa siku 200 ni 240,000. A jumla 1,500,000, B 1,840,000, yaani kile "cha bei rahisi" ndo ghali. Na Bodi ikikupa nusu ya ada kote, A unabaki na 850,000, B unabaki na 1,340,000, pengo linazidi kutanuka, maana Bodi inapunguza ada, mwenye nyumba hapunguzi kitu, tena anataka kodi ya miezi sita mkononi wakati bumu halijaingia.

Ukipata kidogo kuna dirisha la rufaa, ila peleka karatasi ambayo hukuiweka mwanzo, barua ndefu ya kulia haina pa kupandishiwa.