Harufu ya chemba ndani ya nyumba kiangazi hiki
Uliye Dodoma, kabla hujaita gari la maji taka, angalia kwanza lile tundu la maji kwenye sakafu ya bafu, hasa bafu la wageni lisilotumika. Chini yake bomba limepinda ili libakize maji kidogo, na hayo ndiyo yanayozuia harufu isipande. Kiangazi chetu kikavu, na ule upepo wa Agosti ndo usiseme, maji hayo hukauka. Mwaga lita 2 za maji, kisha kijiko cha mafuta ya kula yaelee juu, yasikauke haraka. Mimi nilishafukua chemba nzima bure! Na mwarobaini usiupande karibu na bomba. Mizizi hufuata unyevu.