Risasi ngumu: kuichagua, kuichanganya na kuisubu

Risasi tupu, yaani metali yenyewe isiyochanganywa na kitu, hukwaruzika kwa ukucha. Kwa uzito wa nyavu za Ziwa Viktoria hilo ni jema, kwa sababu mvuvi huubana kwa koleo kwenye kamba; wa risasi ngumu ungepasuka. Lakini beringi ya mashine kuukuu inayozunguka polepole, au jiwe la mzani linalogongwagongwa kutwa, haliwezi kuwa laini hivyo. Hapo inahitajika antimoni, metali inayochanganywa na risasi ili kuikaza.

Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, antimoni kwenye 631. Ajabu ni kwamba zikichanganyika, antimoni ikiwa kama asilimia 11, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 252 tu. Kwa Brinell, kipimo cha ugumu wa metali, risasi tupu ina 5 hivi. Herufi za mashine za zamani za kuchapa magazeti (antimoni asilimia 12, bati 4) hufika 22. Antimoni pia hupunguza kusinyaa, kwa hiyo pembe za kalibu hujaa vizuri.

Usijaribu kuyeyusha antimoni yenyewe kwenye sigiri. Tafuta chuma chakavu kilicho nayo tayari. Kilo 2 za herufi hizo na kilo 4 za risasi laini hukupa kilo 6 zenye antimoni asilimia 4 na bati kidogo zaidi ya 1. Mchanganyiko huo unatosha kazi nyingi. Beringi hutaka zaidi: antimoni 15, bati 10, risasi 75.

Fundi wa Katwe, Kampala, atapata kwa urahisi zaidi vile vipande vya kubalansi magurudumu kutoka gereji. Vya risasi huwa na antimoni ya asilimia 3 hivi. Vichambue kimoja kimoja, maana siku hizi vingi ni zinki au chuma. Kibane kwa koleo ya kukatia: cha risasi huingia meno, cha zinki hukataa na kikianguka sakafuni hulia. Usipandishe chungu juu ya nyuzi 380. Zinki huyeyuka kwenye 419, hivyo kipande kilichokuponyoka kitaelea, ukiondoe kwa kijiko. Ikiyeyuka humo, hata kidogo, risasi huwa nzito kama uji na kalibu haijai tena.

Betri usizivunje. Sahani zake zina asidi na vumbi la risasi, na za kisasa zina kalsiamu. Takataka yenye kalsiamu hiyo ikikutana na antimoni au aseniki, kisha ikapata unyevu, hutoa gesi inayoua. Betri iuze nzima.

Yeyusha nje, upepo ukiwa mgongoni, kwenye chungu cha chuma, alumini haifai. Ile tabaka ya kijivu inayotanda juu usiikimbilie kuitupa, kwani ndani yake mna bati na antimoni. Tia kipande cha mshumaa, kiwake, koroga ukikwangua kuta na sakafu ya chungu, ndipo uondoe unga uliobaki. Chochote unachoongeza kiwe kimekaushwa motoni: tone moja la maji chini ya risasi hugeuka mvuke ghafla na kurusha chungu kizima usoni.

Pasha kalibu mpaka nyuzi 150 hivi, mimina kwenye 340 hadi 360, mfululizo, bila kusita. Mikunjo juu ya kitu ni kalibu baridi. Uso ulioparara kama umepakwa chumvi ni joto kupita kiasi. Shimo juu linatokana na mdomo mwembamba wa kalibu ulioganda kabla ya kitu chenyewe, upanue.

Kitu kikitoka usikigonge nyundo ili kukikaza, kwa kuwa risasi ya antimoni hulainika inapofuliwa. Kiache siku kadhaa, kitajikaza chenyewe.

Nawa kwa sabuni kabla ya kula, nguo zisifuliwe na za watoto, na chungu wala mabaki yasikaribie tanuri la kusubu sufuria za alumini. Risasi ikiingia kwenye sufuria, italiwa.