Kabla ya kumpeleka kwa daktari mtoto mwenye alama nyekundu

"Itaondoka yenyewe." Utaambiwa hivyo na bibi, na jirani, hata na nesi wa kliniki. Kwa hemanjioma nyingi, yaani uvimbe mwekundu wa mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ya mtoto mchanga, ni kweli, ila huchukua miaka, na kabla ya kusinyaa huwa kwanza inakua, kwa kasi zaidi mtoto akiwa na wiki 5 hadi 7. Kwa hiyo usingoje afikishe miezi sita.

Anza na picha leo. Mpige picha mchana karibu na dirisha, sarafu ikiwa kando ya alama, kisha rudia kila wiki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, basi papasa pia: imeinuka? Ina joto? Andika ilionekana lini. Alama bapa ya zambarau aliyozaliwa nayo, inayotanuka tu kadiri mtoto anavyokua, ni kitu kingine. Hiyo haiondoki, na ikiwa kwenye paji la uso au kope, macho na ubongo huhitaji uchunguzi.

Mvue nguo zote umkague, pamoja na mikunjo ya shingo na chini ya nepi. Ukihesabu hemanjioma 5 au zaidi, mwambie daktari, kwani ini hupigwa ultrasaundi kuona kama zimo na humo. Iliyo karibu na jicho, puani, mdomoni au sehemu za siri haifai kusubiri foleni ndefu. Ya kidevuni, mtoto akipumua kwa kukoroma, ni ya kwenda siku hiyohiyo.

Huenda ukaandikiwa propranolol. Ni dawa ya zamani ya moyo na presha. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza mwaka 2008 kwamba inasinyaza hemanjioma. Dozi hufuata uzito, kwa hiyo beba kadi ya kliniki, na useme kama alizaliwa njiti, ana shida ya moyo au hupumua kwa mluzi. Hupewa wakati wa kunyonya au mara baada yake. Akikataa kunyonya au akitapika, ruka dozi, maana sukari inaweza kushuka: jasho, kulegea, usingizi mzito, hapo ni hospitali. Na tafadhali, msikate vidonge vya presha vya babu nyumbani.

Chale, majivu na dawa ya meno visiguse alama hiyo. Ikitoa damu, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Isipokata, nendeni hospitali huku mmeibana.